Kabati Lililokataa Kukauka

Niliposikia kwamba Bi Mwanamkuu wa Mambrui ametangulia mbele ya haki, jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, ni kutazama vidole vyangu kama vina rangi. Miaka mingi imepita, nami nimekuwa bibi mwenye wajukuu, lakini mwanamke yule bado ananifanya nikae vizuri kitini. Nilikwenda hitimani. Chumba cha ndani kilijaa kinamama, juzuu zinapita mkono kwa mkono, na kutoka uani harufu ya biriani inakuja na kuondoka. Karibu nami walikaa wanawake vijana, wa rika la binti yangu, wakinong'ona habari za marehemu: jinsi alivyozoea kuingia jikoni mwa mtu, akafunua sufuria, akaonja, akatoa hukumu, na wala hakuombwa. "Hata harusini kwangu alibonyeza godoro," mmoja akasema, "ati aone kama ni la pamba." Wenzake wakajizuia kucheka. Mimi sikuweza. Niliziba mdomo kwa leso nikajifanya nakohoa. Hao walimjua akiwa amepoa. Mimi nilimjua akiwa moto, mwaka ule ambao yeye alikuwa hakimu, nasi tulikuwa na kabati la kuficha.

Ulikuwa mwaka wa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, na msichana anayesubiri matokeo huonekana na kila mtu kuwa hana kazi. Nikapelekwa Malindi kukaa na shangazi yangu Rukia, ambaye ndio kwanza ameachwa. Alipanga vyumba viwili nyuma ya soko la zamani, vyenye ua mdogo wa saruji na jiko la makuti pembeni. Chumba chake kilijaa kiasi kwamba ukitaka kugeuka, lazima utoke nje kwanza, maana kwetu vyombo vya nyumba ni vya mwanamke: kitanda, kabati, masufuria, mapazia. Akiolewa huja navyo, akiachwa huondoka navyo. Nikiwaeleza watu wa bara desturi hiyo huisifu, wakasema ni haki kubwa. Ni haki, sikatai. Lakini hawajapata kutembea nyuma ya mkokoteni. Shangazi alitembea nyuma yake mchana kweupe, kutoka mtaa wa Shela mpaka sokoni, godoro limefungwa kamba, sufuria zinagongana, na juu kabisa kabati lake la mvule, kioo kikimulika kila baraza walilopita, kana kwamba watu walihitaji kuitwa waje watazame. Kwa miezi baada ya hapo, waliokutana naye dukani walimpa pole kwanza, ndipo wakamjibu salamu.

Kabati lenyewe lilikuwa la kujipambia, droo nne, miguu ya kuchonga na kioo cha mviringo. Mama yake ndiye aliyelichongesha, alipokuwa anamwoza mara ya kwanza. Kila Ijumaa baada ya kuoga, Shangazi alichukua kitambaa, akakichovya katika mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akalisugua juu, ubavuni, mpaka kwenye vidole vya miguu yake. Alilisugua hata zile wiki ambazo chakula hakikumpita kooni. Mimi nilikaa kitandani nikimtazama, naye akazungumza akiwa amenipa mgongo, maneno ambayo asingeyasema tukitazamana. "Mwanamume aweza kukuondolea thamani yako kwa neno moja, Mwana," aliniambia siku moja. "Kisha ukiliona kabati hili, wakumbuka kuna mtu alikaa akafikiri: huyu mwanangu atataka mahali pa kuweka vitana vyake." Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilifikiri fanicha ni fanicha. Nikaendelea kula ubuyu.

Kabla ya masika ikaja posa. Bwana Athmani wa Mambrui, fundi cherehani, mwanamume aliyefiwa na mkewe na mpole kiasi cha kuudhi, alizoea kuja Malindi kununua nyuzi na kupita kumsalimu Shangazi akiwa amesimama nje ya mlango, hata mvua ikinyesha. Shangazi aliapa kwamba hataki tena kusikia habari ya waume, na wiki hiyohiyo akaanza kuimba jikoni. Chakula nacho kikabadilika. Tulikuwa tumezoea chai na mkate wa jana, ghafla nikaamka nikakuta mahamri na mbaazi za nazi, na Shangazi amevaa leso mpya. Nilifurahi kwa ajili ya tumbo langu kwanza, kisha kwa ajili yake. Jirani yetu Bi Tima, aliyejitwika kazi ya ushenga kwa moyo wake wote na kwa mdomo wake wote, akawa anakwenda Mambrui na kurudi na habari. Jioni moja alirudi mapema. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, na pazia la mlangoni halikuwa na uwezo wa kuzuia sauti ya Bi Tima.

"Rukia, mwenzangu, mambo ni mazuri, lakini yana mwiba."

"Mwiba gani?"

"Dada mtu. Bi Mwanamkuu. Nyumba ni yao wote wawili, na lake ndilo neno. Asema wewe hana neno nawe. Lakini kitu chochote kilichotoka nyumba ya yule wa kwanza kisivuke kizingiti chake. Ati vyaja na nuksi."

"Kitanda nitakigawa. Masufuria nitagawa. Kabati je?"

"Kabati ndilo alilolitaja kwa jina. Habari zake zimefika hata Mambrui. Kabati jekundu la mvule."

"Kabati nilipewa na mama yangu, Tima. Si la mwanamume yule."

"Mimi nayajua hayo. Lakini lililala nyumba ile."

"Na mimi je? Mimi sikulala nyumba ile?"

Niliacha kukuna nazi. Nikasikia Bi Tima anapuliza kahawa yake, na kupuliza, mpaka nadhani ilikuwa imekwisha kupoa kitambo. Usiku ule Shangazi hakuimba. Alimtaka mtu yule, hilo lilikuwa wazi hata kwa msichana mvivu kama mimi, na Bwana Athmani hakuwa mtu wa kumpinga dada aliyemlea. Lakini kuliacha kabati alikuona ni kama kukubali kwamba yote aliyokuwa kabla ya kuachwa yalikuwa uchafu wa kufagiliwa. Siku zile nililiona ni ukaidi tu. Leo sisemi hivyo, na nimewahi kugombana na wakwe zangu kwa kitu kidogo kuliko kabati.

Wazo la rangi lilikuwa la Bi Tima. "Lipake," alisema. "Kabati wanalolijua ni jekundu. Likiwa si jekundu, ni kabati jingine." Shangazi alikataa, akakataa, kisha asubuhi moja akaniambia nivae buibui twende madukani. Alichagua samawati, rangi ya mafuta yenye kung'aa. Mwenye duka alimwonyesha na ya maziwa, ndiyo iliyokuwa fesheni, lakini Shangazi alitikisa kichwa. "Nataka rangi ambayo mtu hawezi kunidhania," alisema. Tukanunua na brashi mbili na karatasi ya msasa, tukalitoa kabati uani, tukalipangusa vumbi, tukaanza. Sitadanganya, ilikuwa raha. Shangazi alipaka droo, mimi miguu, redio ya jirani inaimba taarabu, na kila mvule ulivyopotea chini ya samawati ndivyo uso wake ulivyokunjuka. Jioni tulisimama tukalitazama, tukasema kesho litakuwa limekauka.

Kesho yake halikukauka. Wala kesho kutwa. Ukiligusa lilikunasa kidole, na ukikiondoa lilitoa kamlio kadogo. Tukapaka mkono wa pili juu yake, tukidhani wa kwanza ulikuwa mwembamba. Sasa tukawa na tabaka mbili mbichi. Paka wa jirani alijisugua ubavuni, akaacha manyoya. Inzi wakatua wasiondoke. Bi Tima alilizunguka mikono kiunoni, akatoa uamuzi kwamba hilo ni jicho la hasidi, tena la karibu, na dawa yake ni ubani. Basi tukafanya kosa ambalo naamini ni la Waswahili peke yetu. Tukalirudisha chumbani, tukafunga madirisha, tukaweka vyetezo viwili chini yake vyenye makaa na ubani wa kutosha maulidi, tukafunga mlango. Tulipofungua, moshi ulipotoka, kabati la samawati lilikuwa limekuwa la kijivu. Kila chembe ya jivu na masizi iliyopanda juu ilikuwa imenaswa, kama vumbi la unga kwenye mikono ya mpishi. Siku hizi binti yangu hunionyesha kwenye simu watu wanaofanya upya makabati ya zamani kwa rangi, muda si muda kabati linang'aa, kikombe cha maua juu yake. Sijaona hata mmoja aliyelifukiza.

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikaketi chini, na Bi Tima akaanza kucheka naye, ndipo tukamwona Shangazi. Alikuwa analia, kimya, amesimama vilevile. "Pengine watu wasema kweli," alisema. "Pengine lina nuksi. Pengine ni mimi niliye nayo." Nikaona haya mpaka masikio. Nilikuwa sijafikiri hata mara moja kwamba kumbe aliogopa, kwamba nyuma ya ukaidi wote ule kulikuwa na mtu anayejiuliza kama kweli amekwisha kuharibika. Bi Tima akaanza kufungua madirisha. Siku iliyopangwa kwa kinamama wa Mambrui kuja kuona vyombo ilikuwa inakaribia, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuitaja.

Ni Shangazi mwenyewe aliyelitegua fumbo. Alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wenye rangi, akasita, akanusa kidole. Akanusa tena. Akaninyoshea. "Nusa." Nikanusa: rangi, ubani, na chini yake, waziwazi, mafuta ya nazi. "Lo!" akasema. "Kila Ijumaa ya Mungu nimelinywesha mafuta. Sasa rangi itashika wapi?" Niliiona ile hofu ikimfutika usoni, kidogo kidogo, na hasira ya kawaida, hasira ya jikoni, ikachukua mahali pake. Hakukuwa na hasidi wala nuksi. Lilikuwa kabati lililopendwa kupita kiasi. Alitufukuza wote wawili tukalete maji ya moto. Tulikwangua rangi yote kwa visu, tukasugua kwa tarpentaini, kisha akaleta magadi ya kupikia maharagwe, akayayeyusha katika maji yanayochemka, tukalisugua kabati kwa makumbi ya nazi mpaka maji yakatoka rangi ya chai na kucha zetu zikalainika. Likaachwa juani, likapigwa msasa, likasuguliwa tena. Tuliishi kwa viazi vya karai vya barabarani, maana hakuna aliyekuwa na mikono ya kupika. Tulipolipaka upya, mkono mwembamba mwembamba, nililala nikiomba dua kwa ajili ya kabati, jambo ambalo sijalifanya tena. Asubuhi Shangazi alipitisha kiganja juu yake, akakigeuza, akanionyesha. Kilikuwa kisafi. Tukakumbatiana uani kama watu waliofaulu mtihani.

Siku ya kuona vyombo, nyumba ilinukia pilau tangu alfajiri. Kinamama wa Mambrui waliingia na mabuibui yao na manukato yao, wakajaza kile chumba kidogo mpaka wengine wakakaa ukutani, na wa mwisho kuingia akawa Bi Mwanamkuu, mrefu, mwembamba, miwani puani. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema, lakini macho yalikuwa yamekwisha kunipita. Alibonyeza godoro jipya. Alifunua sufuria moja moja. Kisha akasimama mbele ya kabati na kulitazama, nami nikaanza kusoma Ayatul Kursi moyoni. Akapitisha kidole juu yake, akakitazama kidole. Hakuna kitu. Bi Tima akashusha pumzi kwa sauti, mpumbavu. Ndipo Bi Mwanamkuu akashika kishikio cha droo ya juu, akavuta. Haikuja. Rangi ilikuwa imeigandisha ukingoni.

"Mna nini humu?" akauliza.

"Ni rangi tu, Bibi," nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba kuliko nilivyopanga.

Akavuta kwa mikono miwili, droo ikaachia kwa mlio, na harufu ikatoka ikajaa chumba: mafuta ya nazi, asumini kavu, udi wa Ijumaa zote zile. Ndani hatukuwa tumepaka. Nani hupaka ndani ya droo? Mvule ulikuwa mwekundu kama siku ulipochongwa. Bi Mwanamkuu aliingiza mkono, akaugusa, akavua miwani yake.

"Rukia."

"Bee."

"Hili ndilo?"

"Hilo, mwenzangu, tulilipata kwa..." Bi Tima akaanza.

"Sikukuuliza wewe."

Shangazi alikuwa mlangoni na sinia ya kaimati. Aliiweka chini polepole, akanyooka. Nilitaka aseme uongo. Nilikuwa tayari kuapa pamoja naye.

"Ndilo," akasema. "Nilitembea nyuma yake Malindi nzima, na mama yangu ndiye aliyenipa. Nimelipaka rangi kwa ajili yako, kwa kuona haya, na sasa nimechoka kuona haya. Mimi na hili tumetoka nyumba moja. Kama halivuki kizingiti chako, basi na mimi sivuki. Mwambie nduguyo namtakia heri."

Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. Bi Mwanamkuu hakugeuka. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya droo, unapapasa mbao huku na huku kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Mimi langu nililiacha," akasema. Hakuna aliyemwelewa, nadhani hata wale aliokuja nao. "Lilikuwa na kioo vivi hivi. Nilipoachwa nilitoka kabla watu hawajaamka, na buibui langu tu. Niliuwaza huo mkokoteni, nikashindwa. Mpaka leo yuko mwanamke anajitia wanja kwenye kioo changu." Akaisukuma droo, haikufunga, akaipiga kofi, ikafunga. "Wakaniambia nimefanya vyema, vitu vile vina nuksi. Nami nikalishika hilo la nuksi, maana lilinifaa."

Ndipo akamgeukia Shangazi, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama alivyolitazama godoro. "Wewe ulipita nalo mchana?"

"Mchana."

"Na watu barazani?"

"Wamejaa."

"Basi lije," akasema Bi Mwanamkuu, na kuvaa miwani. "Na wewe uje nalo. Lakini nani aliyewashauri hii rangi, jamani? Mmelifanya kama kabati la zahanati!"

Mmoja ukutani akapiga kigelegele, mwingine akapokea, na chumba kikapasuka kwa kicheko, cha wote isipokuwa Bi Tima, ambaye ghafla alikumbuka kwamba pilau inataka kutazamwa. Bi Mwanamkuu akaketi, akavuta sinia ya kaimati, akala moja, akasema shira imezidi, akala nyingine nne. Sijapata kusikia lawama iliyonipendeza masikioni kama ile.

Waliondoka baada ya sala ya alasiri, wakiacha sahani kila mahali na harufu ya manukato mapaziani. Shangazi aliwasindikiza mpaka njiani, akarudi, akasimama katikati ya chumba.

"Wamekwenda?" akaniuliza, ingawa ni yeye aliyewaaga.

"Wamekwenda."

"Wote?"

"Wote, Shangazi."

Akafungua nywele zake, akaketi mkekani kati ya sahani chafu, akacheka kidogo, akajilaza ubavu, na kabla sijachukua sahani ya kwanza alikuwa amekwisha kulala, mdomo wazi, anakoroma. Sikuwa nimemwona amelala mchana tangu nifike nyumba ile, na usiku nilizoea kusikia akigeuka na kugeuka upande wa pili wa ukuta. Nikamfunika leso. Nikaosha vyombo uani kimoja kimoja, polepole, visigongane, kisha nikaenda kukaa kwenye kizingiti. Majirani walikuwa wamesikia vigelegele, wakaanza kuja, mmoja baada ya mwingine, kuuliza imekuwaje. Kila aliyekuja nilimwashiria anyamaze, kidole mdomoni pangu.

"Njooni jioni," niliwaambia. "Bibi harusi amelala."